Kuhesabu kwa Kiarabu, Kiebrania, Kiamhari au Kimalta: Mswahili aanzie wapi?

Ukijua Kiswahili, tayari una sehemu kubwa ya hesabu ya Kiarabu kichwani. Sita, saba, tisa, ishirini, thelathini hadi tisini, mia, elfu, hata sifuri: yote yalikuja pwani pamoja na biashara na madrasa, yakakaa, na baadhi yakayasukuma pembeni maneno ya zamani. Kabla ya sita watu walisema tandatu. Kabla ya tisa walisema kenda. Saba ilikuwa mfungate, na mabaki yake ni fungate ya maharusi, zile siku saba za ndani.

Ndiyo maana Mswahili anayetaka kujifunza lugha ya Kisemiti, yaani ya ukoo wa Kiarabu na Kiebrania, huambiwa upesi: chukua Kiarabu, maneno unayajua. Ushauri huo ni kweli kwa nusu tu. Katika lugha hizi neno la namba ndilo jambo jepesi kuliko yote. Uzito uko kwenye kile kinachoizunguka namba: jina (nomino) linaloifuata linabadilikaje, kati ya makumi na mamoja kipi hutangulia, na tarakimu zenyewe zinaandikwaje. Kwa kipimo hicho Kiarabu hakiko mbele kama wengi wanavyodhani, na Kiamhari cha Ethiopia, ambacho kwa sikio la kwanza kinaonekana kigeni kabisa, kinatupokea vizuri zaidi.

Tuanze na maneno yakiwa yamepangwa sambamba.

| Namba | Kiarabu | Kiebrania | Kiamhari | Kimalta |
|---|---|---|---|---|
| 1 | wahid | ahat | and | wieħed |
| 2 | ithnan | shtayim | hulet | tnejn |
| 3 | thalatha | shalosh | sost | tlieta |
| 4 | arba'a | arba | arat | erbgħa |
| 5 | khamsa | hamesh | amist | ħamsa |
| 6 | sitta | shesh | sidist | sitta |
| 7 | sab'a | sheva | sebat | sebgħa |
| 8 | thamaniya | shmone | simint | tmienja |
| 9 | tis'a | tesha | zeteny | disgħa |
| 10 | ashara | eser | asir | għaxra |
| 20 | ishrin | esrim | haya | għoxrin |
| 100 | mi'a | me'a | meto | mija |
| 1000 | alf | elef | shi | elf |

Haya ni maneno ya kuhesabu tu, bila jina mbele yake. Kwa Kimalta, x husomwa sh, na għ kwa kawaida haisikiki.

Ufunguo wa th

Tazama mistari ya 3 na 8. Pale Kiarabu kinapotamka th, Kiebrania hutamka sh, na Kiamhari hutamka s. Thalatha, shalosh, sost. Thamaniya, shmone, simint. Kiaramu, lugha iliyozungumzwa Palestina na Shamu wakati wa Yesu, hapo hutamka t: tlata, tmanya. Kimalta nacho kina t, kwa kuwa kimetokana na Kiarabu cha kuzungumza na th yake ikapotea. Ukiukariri mlingano huu mmoja, maneno ya Kiebrania huacha kuwa orodha ya kukariri na kuwa Kiarabu kilichobadilishwa sauti. Kiswahili kwa bahati kimeitunza th yenyewe katika thelathini na themanini, kwa hiyo sisi tunao mwanzo ulio wazi kuliko Mmalta.

Kuna mlingano wa pili, nao unapinduka njiani. S ya Kiarabu huwa sh ya Kiebrania: sab'a ni sheva, tis'a ni tesha, sitta ni shesh. Lakini ukifika kumi mambo yanageuka: Kiarabu ndicho chenye sh (ashara) na Kiebrania ndicho chenye s (eser). Ndiyo maana ishirini yetu kwao ni esrim. Ishirini, kwa njia, imetoka kwenye kumi na si kwenye mbili; sikiliza shr ya ashara ndani yake.

Mstari wa 6 ndio ninaoupenda kuliko yote. Sitta ya Kiarabu inaficha kitu. Ukilinganisha na sidist ya Kiamhari unaona d imesimama katikati, na d hiyo ndiyo ya asili; Kiarabu kimeimeza ndani ya tt. Mswahili anayeijua elimu ya mirathi hahitaji kuambiwa. Sehemu zinazogawiwa warithi katika Sura ya Nne ya Kurani ni nusu, robo, thumuni, theluthi mbili, theluthi na sudusi. Sudusi ni sehemu moja ya sita, na d yake hiyo hapo. Kwa maneno mengine, mtu wa Lamu au Zanzibar anayegawa urithi kwa Kiswahili anatumia umbo la sita ambalo liko karibu na la Addis Ababa kuliko lile analohesabia machungwa.

Kiamhari kina maneno mawili yanayoonekana kutoka nje ya ukoo. Hulet, yaani mbili, imetokana na shina lenye maana ya "wote wawili", ambalo Kiarabu kinalo katika kila na kilta. Zeteny, yaani tisa, imebadilika kiasi kwamba bila msaada huwezi kuiona tis'a ndani yake. Haya, shi na zeteny ukariri tu, hakuna njia ya mkato. Jihadhari pia na selasa, ambayo ni thelathini, na silsa, ambayo ni sitini. Zimekaribiana mno, na wapo Waethiopia wanaosema sidsa badala ya silsa.

Mtego mkubwa kwetu, hata hivyo, ni elfu. Kiarabu, Kiebrania na Kimalta wanakubaliana nasi. Ukigeukia Uhabeshi, yaani Ethiopia, neno hilohilo, ilf, katika Kigeezi, lugha ya kale ya kanisani, ni 10,000. Elfu moja ya kawaida kwa Kiamhari ni shi, na elfu kumi ni asir shi.

Jina linapoingia

Hapa ndipo Kiarabu sanifu kinapodai kodi. Kuanzia 3 hadi 10, namba huchukua jinsia iliyo kinyume na ya jina. Wanaume watatu ni thalathatu rijal, wanawake watatu ni thalathu nisa'. Ile alama ambayo mahali pengine huonyesha kike, hapa inashikamana na kiume. Kiebrania kina sheria hiyohiyo: shlosha banim ni wana watatu, shalosh banot ni mabinti watatu. Kiaramu, Kigeezi na Kiakadi cha Babeli vilikuwa nayo pia, kwa hiyo ni jambo la kale sana katika ukoo mzima.

Sisi tunazo ngeli, na wazo la namba kufuata jina halitushangazi: watu watatu, vitabu vitatu, miti mitatu. Ila angalia ngeli zinapokoma. Tunasema watu sita, vitabu sita, miti sita. Namba zote zilizotoka Kiarabu zilikataa kuvaa viambishi vyetu, na jinsia yao zikaiacha walikotoka.

Baada ya jinsia kuna idadi. Kwa Kiarabu, viwili vina umbo lao maalumu: kitabu kimoja ni kitab, viwili ni kitaban, na neno la mbili huhitaji kulitaja pale tu unapotaka kukazia. Vitatu hadi kumi jina huwa wingi: thalathatu kutub. Kuanzia 11 hadi 99 jina hurudi umoja: ahada ashara kitaban, ambapo -an ya mwisho ni alama nyingine kabisa, si ile ya viwili. Kuanzia mia jina hubaki umoja lakini mwisho wake hubadilika tena. Mwanafunzi anayesema "vitabu ishirini" kwa Kiarabu lazima afikirie "ishirini kitabu".

Kiarabu cha mitaani kimeyapunguza haya kwa kiasi kikubwa. Katika nchi za Ghuba utasikia riyalein kwa riyali mbili na thalath riyalat kwa tatu, na kuanzia kumi na moja ni riyal tu, bila miisho. Hiki ndicho ninachomshauri mtu aanze nacho, kisha aende kwenye sanifu akiwa tayari anaweza kununua na kuuza. Wanaofundishwa kwa mpangilio wa kinyume wengi wao huishia kuijua sheria na kunyamaza dukani.

Kimalta ni mtoto wa hicho cha mitaani, kwa hiyo kimerithi wepesi wake. Tlieta inaposimama peke yake. Tliet inapotangulia jina: tliet kotba. Kutoka 11 hadi 19 huongezwa -il: ħdax-il ktieb. Waliolelewa na wazee wa pwani wataitambua ħdax na mwenzake tnax: ni ndugu wa edashara na thenashara, maneno yaliyotumika kabla ya kumi na moja na kumi na mbili kuenea.

Kiebrania kiko katikati. Jinsia ni lazima katika maandishi, lakini barabarani Tel Aviv watu huichanganya bila kujali sana. Wengi husema eser shekel badala ya asara shkalim. Jina kwa kawaida huwa wingi, isipokuwa vipimo kama siku na mwaka ambavyo baada ya kumi huruhusu umoja: esrim shana, miaka ishirini.

Kiamhari kimeitupa sheria yote ya jinsia. Ni moja tu yenye umbo la kike, andit. Kuanzia mbili hakuna cha kukumbuka, na hata wingi wa jina ni hiari: sost sew na sost sewoch yote ni watu watatu. Kitigrinya, jirani yake wa Eritrea na Tigray, kinafanana nacho katika hili ingawa maneno yake yako karibu zaidi na Kiarabu: hamushte ni tano, isra ni ishirini, mi'ti ni mia.

365 kwa sauti na kwa maandishi

Chukua siku za mwaka na uzitamke.

Kiarabu: thalathumi'a wa khamsa wa sittun. Mia tatu na tano na sitini. 
Kimalta: tliet mija u ħamsa u sittin. Mpangilio uleule. 
Kiebrania: shlosh me'ot shishim ve-hamesh. Mia tatu sitini na tano. 
Kiamhari: sost meto silsa amist. Mia tatu sitini tano, bila "na" yoyote.

Kiswahili kilichukua neno sitini kutoka kwa Waarabu lakini hakikuchukua mpangilio wao. Sisi tunatanguliza makumi, kama Kiebrania na Kiamhari. Jambo hili linaonekana dogo mpaka mtu akutajie namba ya simu au bei kwa Kiarabu, kalamu iko mkononi. Unasikia tano, unaandika 5, kumbe sitini bado iko njiani.

Sasa iandike. Kwa Kiarabu ni ٣٦٥. Tarakimu hizi zilitoka India, zikaelezwa Baghdad katika karne ya 9 na al-Khwarizmi, na leo zinatumika Misri, Sudan na Ghuba. Morocco, Algeria na Tunisia wanatumia 0 hadi 9 tunazozijua. Huko zinakotumika, macho ya Mswahili hukosea mahali palepale: ٥ ni tano, si sifuri, sifuri ni nukta ٠, na ٦ ni sita ingawa inafanana na 7. Saba ni ٧ na nane ni ٨, moja imeelekea juu na nyingine chini. Bei ya ٥٠ ni hamsini. Noti ya Misri ni mwalimu mzuri, kwa kuwa upande mmoja una tarakimu hizi na upande wa pili una zetu. Kumbuka pia kwamba maneno husomwa kutoka kulia, lakini namba huandikwa kutoka kushoto, mamia kwanza, kama kwetu.

Waarabu na Wayahudi wana njia nyingine ya zamani, ya kuhesabu kwa herufi. Hapa undugu wao unaonekana kwa macho. 365 kwa herufi za Kiebrania ni שס״ה: shin 300, samekh 60, he 5. Kwa abjadi ya Kiarabu, kwa mpangilio wa Mashariki, ni شسه: shin 300, sin 60, ha 5. Thamani ni zilezile katika mifumo yote miwili. Tofauti iko mwishoni. Kiebrania kina herufi 22 na kinaishia kwenye tav, 400, kwa hiyo 500 ni lazima ujumlishe 400 na 100. Kiarabu kina herufi 28, na ghayn yake inafika 1000.

Kwa Waarabu abjadi imebaki kwenye kurasa za utangulizi wa vitabu, kwenye beti zinazoficha tarehe, na kwenye ile 786 inayoandikwa na Waislamu wengi, hasa wenye asili ya Kihindi, badala ya Bismillahi kamili. Ukijumlisha herufi za Bismillahi Rahmani Rahimi moja moja utaipata: 102, 66, 329, 289. Kwa Wayahudi mfumo huu bado ni wa kila siku: tarehe za kalenda yao, sura na aya za maandiko, madarasa ya shule. Mwaka wao wa 5785, ulioanza Oktoba 2024, huandikwa תשפ״ה, yaani 400, 300, 80 na 5. Elfu tano huachwa kwa sababu kila mtu anaijua. Na 15 haiandikwi 10 na 5 bali 9 na 6, 16 nayo 9 na 7, kwa sababu herufi za mpangilio wa kawaida zingekaribia jina la Mungu. Ni heshima iliyoingia hadi ndani ya hesabu.

Uhabeshi una tarakimu zake, ፫፻፷፭, zilizotokana na herufi za Kigiriki kupitia kwa Wakopti, Wakristo wa Misri, kila moja ikiwa na mstari juu na chini. Hakuna sifuri. Mfumo ni wa kuzidisha na kujumlisha: 3, kisha 100, kisha 60, kisha 5. Kuna alama ya 100 (፻) na ya 10,000 (፼), lakini 1000 haina yake. Huandikwa kumi mara mia, ፲፻. Mwaka 2017 wa kalenda yao ni ፳፻፲፯. Utaziona kanisani na kwenye kalenda. Sokoni, benki na kwenye basi ni 0 hadi 9, kwa hiyo mgeni anaweza kuishi bila kuzijua.

Kimalta hakina la kuongeza hapa: herufi za Kilatini, tarakimu za kawaida.

Kwa wapenzi wa mambo ya kale pekee: Wasabai wa Yemen waliandika mstari kwa moja na herufi ya kwanza ya neno kwa zilizozidi, kh ya khamsa ikiwa 5 na m ya mi'a ikiwa 100. Wababeli, ambao Kiakadi chao ni Kisemiti, waliirithi hesabu ya sitini kutoka kwa Wasumeri. Kwao 365 ni alama sita, nafasi, kisha alama tano, maana sita mara sitini na tano. Dakika 60 na digrii 360 za duara zimetufikia kutoka huko.

Nani achukue ipi

Anayekwenda Muscat au Dubai kufanya kazi achukue Kiarabu cha Ghuba, ajifunze kusoma zile tarakimu kumi kabla ya kupanda ndege, na aiache jinsia kinyume mpaka atakapoihitaji. Mwalimu wa madrasa, mwanafunzi wa sheria ya mirathi au msomaji wa hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu hana njia ya kuikwepa sarufi nzima, na abjadi itamfaa.

Anayesoma Biblia kwa undani, mchungaji au mwanachuo wa teolojia, achukue Kiebrania. Akiwa na ule ufunguo wa th na sh, namba zitakuwa sehemu yake rahisi kuliko zote, na herufi zenye thamani atazikuta kila ukurasa.

Kimalta kichukuliwe na anayekwenda Malta. Ndicho chepesi kuandika kuliko vyote, lakini watu wake ni karibu nusu milioni, na Kiingereza ni lugha rasmi huko pia.

Na yule asiye na safari wala kitabu mbele yake, anayetaka tu kuingia katika ukoo huu bila kuvunjika moyo, mimi namwambia achukue Kiamhari. Maneno kumi na tatu ya jedwali lile pamoja na makumi, na hesabu yote imekwisha, hakuna sheria inayomngoja mlangoni. Mfanyabiashara anayevuka Moyale kwenda Addis Ababa ataitumia siku hiyohiyo.

Kuna sababu nyingine inayomhusu Mswahili kuliko wanafunzi wengine wote wa Kiamhari. Waethiopia wanahesabu saa kama sisi, kuanzia macheo. Sost se'at asubuhi ni saa tatu asubuhi, wakati ambao Mwingereza huita tisa. Mzungu huhitaji wiki kadhaa kuacha kujumlisha sita kila anapotajiwa muda. Wewe unatafsiri neno kwa neno na unafika kwa wakati. Tahadhari moja tu: tiketi ya ndege na ratiba za mashirika ya kimataifa hufuata saa ya Kizungu hata ndani ya Addis Ababa, kwa hiyo ukiandikiwa 3:00 na hujui ni ya nani, uliza kwanza kama ni ya Kihabeshi.